Uko Mwanza, bili ya kadi iko Uingereza: jinsi ya kulipa bila kuchelewa

Kila ikifika Desemba simu yangu haitulii. Mmoja amekuja kumuuguza baba yake Igoma. Mwingine anasimamia msingi wa nyumba Kisesa. Wa tatu alikuja msibani Ukerewe kwa wiki mbili, na sasa ni mwezi wa tatu. Swali ni lile lile: "Kaka, kadi yangu ya mkopo ni ya Uingereza, tarehe ya kulipa hiyo inakuja, nalipaje nikiwa huku?" Kuna mama mmoja aliniuliza kama anaweza kulipia kwa wakala wa M-Pesa pale Buzuruga. Hapana mama, wakala wa Buzuruga hana njia ya kuifikia kadi yako.

Nimechoka kurudia kwa meseji za sauti, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Niliishi Leicester miaka 9. Sasa ni mwaka wa tatu niko Nyegezi na mama, kadi ninayo bado, na inalipwa kila mwezi.

Shika hili kabla ya yote: kadi ya Uingereza hulipwa kwa pesa iliyoko Uingereza. Usihangaike kutafuta njia ya kurusha shilingi kutoka Mwanza zikatue juu ya kadi. Una kazi mbili tu. Ya kwanza, pesa iwepo kwenye akaunti yako ya kule kabla ya siku. Ya pili, simu yako iweze kupokea namba ya uthibitisho. Wanaochelewa, wengi wao pesa wanayo. Kinachowaangusha ni laini ya simu.

Maneno utakayokutana nayo

Taarifa ya mwezi ndiyo karatasi (siku hizi faili) inayosema unadaiwa kiasi gani. Tarehe ya mwisho huja kama wiki tatu na siku kadhaa baada ya hapo. Kiwango cha chini ni kile kidogo ambacho usipokilipa umekosa malipo. Ukikilipa hicho peke yake hupigwi faini, ila riba inaendelea kutafuna kilichobaki. Direkti debiti ni ruhusa unayoipa kampuni ya kadi ivute pesa yenyewe kwenye akaunti yako ya benki kila mwezi. Hayo yanatosha.

Uwe na nini

- Akaunti ya kawaida ya benki Uingereza, iliyo hai. Ukiifunga kabla ya kumaliza deni la kadi umejifungia mlango wa nje.
- Laini yako ya Uingereza, na simu yenye nafasi ya laini mbili.
- Programu ya benki na programu ya kadi, zote zimeshafunguliwa kwenye simu utakayosafiri nayo.
- Laini ya hapa yenye bando. Voda, Airtel, Yas, Halotel, chagua inayoshika vizuri unapolala. Husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nenda mwenyewe dukani na kitambulisho cha NIDA au pasipoti.
- Namba ya simu ya kampuni ya kadi kwa wateja walio nje ya nchi. Iko nyuma ya kadi, inaanza na +44. Iandike kwenye daftari, maana siku utakayoihitaji huenda ndiyo siku kadi imepotea.
- Anwani ya Uingereza ambako barua zako zinafika kwa mtu unayemwamini.

Hatua

1. Weka direkti debiti kabla hujapanda ndege

Ingia kwenye programu ya kadi, tafuta sehemu ya malipo, weka namba ya tawi ya benki yako (sort code) yenye tarakimu 6 na namba ya akaunti yenye tarakimu 8. Utaulizwa ivutwe kiasi gani: deni lote, kiwango cha chini, au kiasi utakachotaja mwenyewe.

Kama kipato chako hakiyumbi, weka deni lote, na riba utaisikia kwa wenzako. Kama unaishi kwa akiba na huna hakika ya kila mwezi, weka kiwango cha chini halafu ongeza kwa mkono unapopata. Wapo watakaokwambia kiwango cha chini ni mtego. Ni kweli kwa mtu anayekifanya mazoea miaka nenda miaka rudi. Kwa mtu aliye safarini ni mkanda wa gari: hata ukilazwa, hata mtandao ukikatika Kisiwa kizima cha Ukerewe, malipo ya mwezi yameingia.

*Kosa la kawaida:* kuweka direkti debiti leo ukidhani bili ya mwezi huu imeshashughulikiwa. Mpangilio huchukua siku kadhaa za kazi, na bili iliyokwisha kutolewa mara nyingi haiguswi. Taarifa yako itasema wazi kama pesa itavutwa na siku gani. Isiposema, bili hiyo lipa kwa mkono.

2. Sogeza tarehe

Kampuni nyingi hukuruhusu kubadilisha tarehe ya kulipa. Iweke siku chache baada ya pesa yako kuingia, iwe ni pensheni, mshahara, au kodi ya chumba ulichopangisha kule. Direkti debiti ikikuta akaunti tupu inarudi mikono mitupu, na utahesabiwa umekosa kulipa kana kwamba hukuweka chochote.

3. Laini ya Uingereza isitoke kwenye simu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungua.

Mwezi wangu wa nne hapa, direkti debiti sikuwa nimeweka. Nilijiona mjanja, nalipa mwenyewe kwa mkono. Nilikuwa nimeichomoa laini ya Uingereza ili niweke ya pili ya hapa, kwa sababu ya bando la bei nafuu. Mjomba akafariki Nansio, kule Ukerewe, tukavuka. Usiku wa pili wa matanga nakumbuka bili, nafungua programu ya benki, naandika kiasi, nabonyeza. Benki inasema: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu fulani. Laini hiyo ilikuwa Nyegezi, ndani ya kikopo cha Blue Band, pamoja na sindano na vifungo vya mama.

Kwenye meli kutoka Nansio hadi Mwanza unakaa kama saa tatu, na usiku ule hakukuwa na meli. Nilimpigia mdogo wangu aliyebaki nyumbani. Akaipata laini, akaiweka kwenye simu yake, ikaandika haina huduma. Akapanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, anazunguka na simu mkononi kama anayetafuta stesheni ya redio. Mtandao uliposhika, namba ilikuwa imeshapitwa na muda. Tulijaribu mara tatu, benki ikafunga huduma hadi kesho yake.

Nililipa nimechelewa siku moja. Faini £12, zaidi ya shilingi elfu thelathini. Kwa pesa hiyo ningekula sato wa Mwaloni wiki nzima. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kadi ile ilikuwa na ofa ya kutotoza riba, na masharti yalisema ukichelewa ofa inakufa. Ikafa.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Laini ya Uingereza iwe nafasi ya pili, ya hapa nafasi ya kwanza. Zima intaneti ya laini ya Uingereza, usije ukaunguza pauni kwa kuangalia video.
- Kupokea meseji ukiwa nje kwa laini nyingi za Uingereza ni bure. Kupiga na kutuma ndiko kunakotoza.
- Hakikisha huduma ya nje ya nchi imewashwa kabla ya kuondoka. Kuna mitandao ambayo kuiwasha lazima uwe ndani ya Uingereza.
- Kama ni ya malipo ya kabla, itumie kwa kitu chenye gharama kila baada ya miezi miwili: tuma meseji moja tu. Laini isiyotumika miezi kadhaa huzimwa, namba ikapewa mtu mwingine, na siku hiyo namba zako za benki zinaingia kwenye simu ya mgeni.
- Kama benki yako inaweza kuthibitisha kwa programu yenyewe badala ya meseji, hamia huko. Ni bora mara kumi.

Na usibadilishe simu ukiwa huku kama huna sababu ya lazima. Simu mpya maana yake ni kuthibitishwa upya, na benki nyingine hutuma barua ya posta. Itafika, ila Leicester.

4. Lipa kwa mkono mara moja ungali Uingereza

Hata kama umeweka direkti debiti, jaribu. Kumwongeza mlipwaji mpya ndiko kunakoamsha ulinzi wa benki, na ulinzi ukiamka wewe ukiwa Mwanza utaulizwa maswali mengi kuliko ukiwa sebuleni kwako.

Kwenye programu nyingi za benki, ukichagua kulipa kampuni, unaandika jina la mtoa kadi na orodha inajitokeza. Chagua, kisha kwenye sehemu ya kumbukumbu (reference) andika tarakimu za kadi yako, ambazo kwa kawaida ni 16. Tarakimu hizo ndizo zinazowaambia pesa ni ya nani. Ukiandika "bili ya Machi" au jina lako, pesa itafika kwenye akaunti kubwa ya kampuni na kukaa pale kama mzigo usio na mwenyewe.

Benki italinganisha jina la mlipwaji. Chagua kwamba ni biashara, si mtu binafsi, vinginevyo itakuonya kwamba jina halilingani na utaogopa bure.

Tuma £1. Ikionekana kwenye kadi, njia iko wazi.

5. Ukiwa Mwanza, lipa siku tano kabla

Malipo kati ya benki za Uingereza kwa kawaida hufika siku ile ile, mara nyingi ndani ya dakika. Hata hivyo kampuni ya kadi inaweza kuchukua siku moja au mbili za kazi kuyaandika. Siku tano zinakupa nafasi ya Jumamosi, Jumapili, na umeme wa TANESCO.

Kumbuka pia sikukuu zao si zetu. Nane Nane huku benki zimefungwa, London wanapiga kazi. Jumatatu ya mwisho ya Agosti sisi tuko kazini na wao wamefunga. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka tunafunga wote. Tarehe 25 na 26 Desemba vile vile, na hizo ndizo siku ambazo wageni wengi mko huku mnakula pilau.

Mara ya kwanza tumia bando lako na si Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa. Nayo ile programu ya kubadilisha nchi unayotumia kuangalia mpira, izime. Benki ikiona saa mbili uko Mwanza na saa mbili na dakika tano uko Uholanzi, itakufungia, na haitakuwa imekosea.

6. Soma saa kwa akili ya Kizungu

Mwanza iko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi yao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba iko mbele kwa saa 2.

Binamu yangu alisoma kwenye programu kwamba malipo yafike kabla ya 5 pm. Kichwani akaona tano, akatafsiri saa tano usiku. Saa nne usiku akalipa, anajipongeza kwamba amewahi kwa saa nzima. Ile 5 pm ni saa kumi na moja jioni ya London, ambayo huku wakati wa baridi yao ni saa mbili usiku, na wakati wa kiangazi chao ni saa moja. Ilikuwa wakati wa baridi yao, kwa hiyo alikuwa amechelewa kwa saa mbili.

7. Rudi ukaangalie

Siku mbili baada ya kulipa fungua programu ya kadi, siyo ya benki. Benki itakuonyesha pesa imetoka, lakini unachotaka kuona ni kwamba kule imeingia. Piga picha ya skrini, ihifadhi.

Kama pesa yenyewe sasa iko Mwanza

Hili ni la wale ambao akaunti ya Uingereza imekauka. Umekaa muda, umeanza kuuza vifaa vya ujenzi au una mashua mbili za dagaa, kipato ni cha shilingi. Deni la pauni bado lipo.

Zile programu ulizozoea kuwatumia wazazi pesa, nyingi zimejengwa kuleta pesa Tanzania. Kuitoa ni hadithi nyingine. Nazo kampuni nyingi za kadi hazipokei kadi ya debiti iliyotolewa nje ya Uingereza, hivyo kadi yako ya benki ya hapa usiitegemee. Zinabaki njia mbili.

Ya kwanza ni TT, yaani kutuma pesa benki kwa benki kwenda nje ya nchi, kutoka benki ya hapa. Barabara ya Kenyatta utakuta matawi. Beba kitambulisho, na karatasi ya kuonyesha pesa imetoka wapi: leseni na risiti za biashara, au mkataba wa kazi. Fomu itataka jina lako kama lilivyo kwenye akaunti ya Uingereza, anwani, jina la benki na namba yake ya kimataifa (SWIFT), na IBAN, yaani namba ya akaunti yako kwa mfumo wa kimataifa, ambayo kwa Uingereza ina herufi na tarakimu 22 na inaanza na GB. Itume kwenye akaunti yako ya kawaida. Usiitume moja kwa moja kwa kampuni ya kadi. Ikifika ndipo ulipe kadi kama hatua ya 4 na ya 5.

Omba gharama zote zibebwe na mtumaji. Usipoomba, benki za katikati zinamega kidogo kidogo, na ulizotuma £300 zinafika pungufu, halafu direkti debiti ya £300 inagonga mwamba kwa upungufu wa pauni chache. Kwa kuwa ada ya kutuma ni ile ile au karibu ile ile, kutuma kidogo kila mwezi ni kuwatajirisha wenye benki. Tuma ya miezi mitatu kwa mkupuo, na uanze wiki mbili kabla ya tarehe.

Ya pili ni kubadilishana na ndugu. Dada yako aliyeko Reading kila mwezi anamtumia mama pesa ya matumizi. Badala ya kuituma, anaielekeza kwenye kadi yako kwa tarakimu zile 16, nawe unampa mama shilingi hapa hapa kwa bei ya siku hiyo. Hakuna ada, hakuna foleni. Mpe tarakimu 16 tu. Zile tatu za nyuma ya kadi na tarehe ya kuisha hazihitaji, wala neno la siri la programu yako, hata kama mlinyonya ziwa moja.

*Onyo:* fanya hivyo na ndugu wa damu unayejua kazi yake. Kwenye magrupu hakukosekani mtu wa "nina pauni, nani ana shilingi". Pesa yake ikiwa ya wizi, kadi iliyolipwa nayo ni yako, na utakayehojiwa ni wewe.

Kadi ukiitumia huku

Sitarefusha. Kadi nyingi za Uingereza hukata karibu asilimia 3 kwa kila malipo yasiyo ya pauni. Mashine ya duka au hoteli ikikuuliza unataka kulipa kwa pauni au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua pauni, bei ya kubadilisha imepangwa na mwenye mashine, na hakuipanga kwa kukuhurumia. Na usitoe pesa kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Ada inakatwa hapo hapo na riba inaanza siku ile ile, hata kama utalipa deni lote kwa wakati.

Mliotoka Marekani

Mengi ni yale yale: laini, akaunti ya kule, kuvuta kwenyewe kila mwezi. Tofauti ni mbili tatu. Sheria yao inataka taarifa ikufikie siku 21 au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo iwe moja kila mwezi, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Mwisho wa siku wao ukiwa 5 pm ya New York, kwetu ni saa sita usiku wakati wa kiangazi chao na saa saba usiku wakati wa baridi, tarehe imeshageuka. Na zile namba za simu za kwenye intaneti ambazo wengi mnazo, benki nyingi hukataa kutuma namba ya uthibitisho kwenye hizo. Bakizeni laini halisi.

Mambo yakikwama

*Namba ya uthibitisho haiji.* Zima simu, washa. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao mwingine kwa mkono. Laini ya kigeni ikigoma kwa mmoja inaweza kushika kwa mwingine. Toka ndani ya nyumba. Sitanii kuhusu kupanda jiwe. Usiombe namba mara tano mfululizo, maana ya tatu ikija umeshaomba ya nne na ile ya tatu haifai tena.

*Programu imenifungia.* Piga ile +44. Kwa laini ya hapa weka alama ya jumlisha mbele. Ukizoea sifuri mbili za Uingereza huenda isitoke, kwa sababu Tanzania simu ya nje huanza na sifuri tatu. Weka vocha ya kutosha kabla, maana utawekewa muziki dakika kumi. Waambie uko Tanzania, hadi lini, na una namba gani ya kupatikana.

*Nimelipa, haijaonekana.* Hesabu siku mbili za kazi za Uingereza. Baada ya hapo, wapigie kampuni ya kadi ukiwa na siku, kiasi na kumbukumbu uliyoandika. Kama ulikosea tarakimu, anza na benki yako. Pesa huwa haijapotea, ila kuitafuta huchukua muda, kwa hiyo kama tarehe iko karibu lipa tena kiwango cha chini ili ujilinde, ile ya kwanza itakuja kupunguza deni.

*Tarehe imepita.* Lipa sasa hivi, usisubiri kupiga simu kwanza. Kisha piga. Kama ni mara ya kwanza na sababu ni ya kweli, omba wakufutie faini. Wakati mwingine hukubali. Uliza hasa kama wameiandika kwenye rekodi yako ya mikopo, kwa sababu alama ya kukosa malipo hukaa miaka 6 kule, na utaikuta siku unaomba mkopo wa nyumba.

*Sina pesa ya kutosha.* Piga kabla ya tarehe. Wana mpango kwa wenye shida, na anayepiga mapema hupokewa tofauti na anayetafutwa.

*Kadi imeisha muda nikiwa huku.* Direkti debiti haitegemei kadi ya plastiki, inaendelea. Mpya itatumwa kwenye anwani ya Uingereza. Mwenye anwani akuhifadhie, asiitume kwa bahasha. Lakini kama kadi imepotea na umepewa yenye tarakimu mpya, badilisha kumbukumbu kwa mlipwaji uliyemhifadhi. Hilo husahauliwa sana.

*Simu imeibwa, pamoja na laini.* Hutokea, hasa stendi. Kwanza piga benki na kampuni ya kadi kwa simu ya mtu yeyote, ndiyo maana nilisema uiandike +44 kwenye daftari. Pili, mpigie mtoa laini aifunge. Laini mpya ya plastiki atakuwa radhi kuituma Uingereza tu, kwa hiyo muulize kama anaweza kukupa ya ndani ya simu, ile isiyo na kadi (eSIM). Wengine huweza ukishajibu maswali yao, na utaipata ndani ya siku hiyo. Akikataa, yule mwenye anwani yako aipokee, na uulize ndani ya familia nani anapanda ndege wiki ijayo. Kwa Mwanza, hasa karibu na Krismasi, hukosi mtu.